Chini ya Rangi ya Maziwa

Makaa yalikuwa mabichi tena. Mama Pasi aliyapuliza hadi machozi yakamtoka, akayakoroga kwa kijiti, akapuliza tena, na pasi ikaendelea kutoa moshi badala ya joto. Muuza makaa alikuwa amepandisha bei mara mbili tangu mwezi uanze, na kila bei ilipopanda gunia lilizidi kukonda. Kwenye kapu mashati ya mwalimu mkuu yalikuwa yanasubiri, na shati jeupe halina msamaha. Chembe moja ya jivu ikitua kolani, umelinunua.

Alipigia pasi barazani, mbele ya duka la madaftari. Mwenye duka alimruhusu kukaa pale kwa sharti kwamba afagie asubuhi na jioni na ampigie pasi nguo za nyumba nzima bila malipo, na watu wakamwambia ana bahati. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika siku nyingi. Wateja walimwita Mama Pasi, majirani walimwita Mama Pasi, na hata mumewe akitaka kumchokoza alimwita hivyo hivyo.

Mwenye nyumba alikuwa ameshapita mapema, kabla hata watoto hawajaenda shule. Hakuja kwa ukali. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akauliza hali, akalalamikia maisha yalivyopanda, akasema hata yeye anaumia. Kisha akasema kodi inapanda, na kwamba anaitaka ya miezi ya mbele yote kwa mkupuo, leo jioni, maana kuna mtu mwingine ameshakiona chumba na amekipenda. Alisema hayo huku anampapasa mtoto mdogo kichwani. Heri ukali, mtu unaweza kujibu. Upole wa namna ile unakuacha unasema ahsante.

Sasa jua lilikuwa limepanda na Mama Pasi alikuwa bado anapigana na makaa wakati mdogo wake wa kiume alipotokea mbio, shati limelowa jasho mgongoni. Huyu aliitwa Dili. Hakuwahi kuwa na kazi, lakini hakuwahi kukosa dili, na siku ambazo dili zilimkataa alilala kwa dada yake, kwenye mkeka, miguu ikitokeza hadi chini ya meza.

"Dada, acha hiyo pasi," alisema. "Kodi imepatikana."

Mama Pasi hakuinua kichwa. Alishawahi kuambiwa hivyo kuhusu sungura, kuhusu simu zilizokufa, na kuhusu mafuta ya nywele ambayo yalizing'oa badala ya kuziotesha. Lakini Dili alisema safari hii ni habari ya shemeji yake na mchezo wake, na hapo pasi ikasimama.

Mume wa Mama Pasi alikuwa fundi rangi, wa kupaka nyumba za watu. Kuta ndizo zilizomlisha. Ila alikuwa na kitu chake cha pembeni, na mwenyewe alikiita mchezo: alichora. Alichora nyuma ya kalenda, alichora sakafuni kwa kipande cha mkaa, alichora kwa kidole kwenye unga hadi akafukuzwa jikoni. Na kila aliyeona alisema neno lile lile: hii si ni hela hii? Dili alikuwa na msemo wake kabisa, kwamba kipaji kisichoingiza hela ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Mama Pasi naye, mwanamke wa kuonja chumvi kwa ncha ya kidole ili isiishe, aliona mdogo wake kwa mara ya kwanza amesema la maana. Akamshikia bango mumewe asubuhi na jioni. Mikono unayo, watoto unao, unachorea nini bure?

Basi Fundi akajaribu. Alimchorea kinyozi kibao, na kinyozi akataka namba ya simu iandikwe kwenye paji la uso la mtu aliyechorwa. Alimchorea mwenye bucha ng'ombe. Mwenye bucha akasema ng'ombe anenepe, aliponenepa akasema acheke, alipocheka akalipa kwa mifupa. Bibi harusi mmoja alitaka awe mweupe kuliko alivyo, na bwana wake aongezwe urefu. Ikaenda hivyo kwa muda, hela ikija kwa matone, na siku moja Fundi akaweka mkaa chini akaacha. Hakugomba na mtu. Alirudi kazini, akala, akautazama ukuta, akalala. Watoto wakimwomba awachoree paka alisema mkono unamuuma. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo Mama Pasi hakuipenda, lakini aombe msamaha kwa lipi? Kwa kutaka watoto wale?

Kisha Fundi akapata kazi kwenye ghorofa moja jipya, na mluzi ukarudi. Alirudi jioni vidole vina bluu na kahawia, wakati jengo zima, kama alivyosema mwenyewe, lilipakwa rangi ya maziwa. Mama Pasi akajua ni mwanamke. Aliponusa shati na kuuliza, Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Akasema anacheza tu. Wapi? Ukutani. Halafu? Halafu anafunika. Mama Pasi aliona anafanyiwa utani, akamnyima mchuzi siku hiyo.

Angeweza kwenda kujionea mwenyewe, lakini hapo ndipo palipokuwa pagumu. Lile ghorofa lilijengwa palipokuwa kwao. Walikaa pale miaka mingi, wao na kaya nyingine, vyumba vimezunguka uwanja mmoja wenye bomba moja, mpaka siku walipokuja watu na kopo la rangi nyekundu wakachora X kwenye kila mlango. Baada ya X zikaja mashine. Watu walitawanyika kama mtama uliomwagika, huyu kwa ndugu, yule pembeni ya mji, na tangu siku ile Mama Pasi alikuwa akizunguka mbali ili asipite njia ile. Mumewe alipopata kazi pale waligombana. Fundi alisema rangi ni rangi, na tumbo halijui historia.

Dili alimwonyesha simu. Kibarua mmoja alikuwa amepiga picha ya ukuta, picha imepita simu hadi simu hadi ikamfikia yeye, naye hakulala: ameipeleka kwa Meneja wa jengo. Meneja amesema anataka kuuona ukuta huo kwa macho yake, mchana huu. Tatizo ni kwamba shemeji akimaliza ukuta huufunika, na huu ataufunika leo kabla ya saa za kazi kuisha, na simu yake haipatikani. Kwenye kioo kilichopasuka Mama Pasi aliona rangi rangi tu, na vitu kama watu.

"Wewe kamzuie asifunike," Dili alisema. "Mimi namleta Meneja. Dada, tukikosa hii, ni sisi wenyewe tumejikosesha."

Mama Pasi akamwaga makaa kwenye mchanga, akamkabidhi mwenye duka mashati, akaondoka. Miguu iliijua njia. Kwa mara ya kwanza tangu wahamishwe alikata kona ile badala ya kuizunguka, na akaliona ghorofa limesimama pale ambapo zamani uliona anga tu na kamba za nguo.

Getini mlinzi alimuuliza anakwenda kwa mpangaji gani. Mama Pasi akamwambia wapangaji hawajaingia. Mlinzi akasema basi hawezi kuwa mgeni, maana mgeni ni wa mpangaji, na asiye mgeni hapiti. Mama Pasi aliomba, akaeleza, akataja mumewe, na mlinzi akamsikiliza kwa heshima zote halafu akarudia maneno yale yale. Pembeni ya geti palikuwa na ndoo tupu za rangi. Mama Pasi akaondoka, akangoja lori la saruji liingie, akarudi na ndoo moja kichwani, akapita. Mlinzi hata hakumtazama. Mgeni anahitaji kitambulisho. Mwenye ndoo ana kazi zake.

Ndani kila kitu kilikuwa cha rangi ya maziwa. Ngazi, kuta, dari, milango ambayo bado ilikuwa imevishwa nailoni. Harufu ya rangi mbichi ilimkaba. Alipanda akichungulia chumba baada ya chumba, na vyote vilikuwa safi, vitupu, vinafanana. Vibarua walikuwa wamekwenda kula. Akafika juu kabisa, penye mlango wa mwisho uliokuwa wazi, akaingia, akaishika fremu kwa mikono miwili.

Upande wa pili wa chumba ukuta haukuwepo. Palikuwa na uwanja. Akarudi nyuma, kwa sababu alijua yuko juu ghorofani na mbele yake hapakuwa na kitu cha kumzuia asidondoke. Ndoo ikamtoka. Kisha akaona kwamba uwanja ule anaujua.

Ulikuwa uwanja wao. Bomba lilikuwa katikati, limefungwa mpira wa tairi la baiskeli pale lilipokuwa likivuja, na chini yake tope lenye nyayo za watoto. Kamba za nguo zilikatiza juu, na kwenye kamba lilianikwa shuka la maua lililochanika pembeni. Mlango wa choo ulikuwa ule ule wa madebe yaliyopondwa. Msusi, jirani yao, alikuwa ngazini kwake, kichwa cha mteja kati ya magoti, kitana amekiuma kwa meno. Mzee Redio alikuwa ameiinamia redio yake na bisibisi, akiitengeneza ingawa haikuwa mbovu. Mapacha walikuwa wanagombania ndoo. Mwanga ulikuwa wa asubuhi, ule wa kabla jua halijavuka paa la upande wa pili, wakati nusu ya uwanja ina baridi bado na nusu imeshapata joto. Mama Pasi hakujua kwamba mwanga ule unaweza kuchorwa. Hakujua hata kwamba aliukumbuka.

Alisogea. Alisogea taratibu, kama ungesogea mahali watu wanaposali. Karibu kabisa aliona kwamba ni rangi, ni brashi, hapa imepita nene na hapa nyembamba, na bado bomba lilikuwa linavuja. Akashindwa kuelewa. Huyu mtu alikuwa analala ubavuni mwake. Huyu mtu husahau kununua kiberiti.

Halafu akamwona mwanamke mezani. Kainama, kashika pasi mkono mmoja, kovu la kuungua liko pale pale chini ya kiwiko, na midomo ameibenua kidogo anapuliza makaa. Miaka yote Mama Pasi aliamini kwamba mtu akipuliza makaa anaonekana kituko. Mwanamke wa ukutani alikuwa mzuri. Mama Pasi alishikwa na haya, halafu na furaha, halafu na woga ambao hakuwahi kuuhisi tangu siku alipopewa mwanawe wa kwanza amshike.

Na kwenye kila mlango uliozunguka uwanja, juu ya mbao, juu ya bati, palikuwa na X nyekundu. Hakuacha hata moja.

Fundi alikuwa kwenye kona, anakoroga ndoo ya rangi ya maziwa. Alipomwona mkewe alishtuka kama mtu aliyekutwa anaiba. Akamuuliza amefuata nini, na Mama Pasi akafungua mdomo akakuta amesahau. Badala yake akauliza ameifanya lini.

Saa za kula, Fundi alisema. Wenzake wakienda kula. Mwajiri anatoa rangi nyeupe ya chini, na vichupa vya rangi kali vya kuchanganyia, kahawia, bluu na nyekundu, ambavyo hubaki na hutupwa. Ukuta ukishapakwa rangi ya chini unangoja ukauke kabla ya rangi ya juu. Huko kungoja ndiko kwake. Alianza siku ya kwanza, chini kabisa, na kila nyumba ya ghorofa hili aliipa kaya moja ya pale zamani. Hii ya mwisho ndiyo amewaweka wote pamoja.

"Na zote umezifunika?"

"Wananilipa nifunike."

"Hukuniita hata siku moja nije nione."

Fundi alifuta mti wa kukorogea kwenye ukingo wa ndoo. "Ungeuliza ni bei gani," alisema. Hakusema kwa kinyongo. Alisema kama anavyosema mvua inakuja.

Neno lile lilimwingia Mama Pasi na likakaa. Lilikuwa kweli, na kweli yake ilikuwa mbaya zaidi, maana ndilo hasa alilolifuata. Akamweleza basi, macho yakiwa chini: mwenye nyumba, kodi, Dili, Meneja. Kabla hajamaliza wakasikia viatu ngazini.

Meneja alikuwa kijana, nadhifu, kofia ya ujenzi kichwani na simu mkononi. Aliingia akiongea. Akafika katikati ya sentensi akanyamaza, akavua kofia. Tumpe haki yake: alikuwa mtoto wa watu, na macho alikuwa nayo. Alisimama pale muda mrefu. Alikwenda akalisogelea bomba akanyoosha kidole, akakirudisha. Hata Dili alikuwa kimya, jambo ambalo katika ukoo wao halikuwa limewahi kushuhudiwa.

"Huu ukuta haupakwi rangi," Meneja alisema mwishowe, kwa sauti ya chini.

Kisha akakumbuka yeye ni meneja, akaanza kupanga. Hii itakuwa nyumba ya kuonyeshea wateja. Ukuta utawekewa kioo, na taa ya kuumulika juu yake. Wateja wa hadhi wanapenda vitu vya kale, vinaipa nyumba utu. Fundi atachora mwingine pale chini mapokezi, na baadaye yako majengo mengine. Akataja kiasi. Kilitosha kodi yote aliyoitaka mwenye nyumba, na makaa makavu, na viatu vya shule. Dili alifumba macho kama mtu aliyejibiwa dua.

Fundi hakumtazama Meneja. "Muulize yeye," alisema, akimwonyesha mkewe. "Kodi anaijua yeye."

Mama Pasi alikuwa anakwenda kusema ndiyo. Tusimfanye malaika. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na ndani yake kulikuwa na fahari pia, kwamba mwanamke yule mezani atawekewa kioo na taa. Ila Meneja alikuwa bado anautazama ukuta, kichwa ameinamisha upande.

"Kitu kidogo tu, Fundi. Hizi X za milangoni. Tuzitoe."

Fundi aliuliza kwa nini.

"Zinaharibu. Mtu akiingia anataka kuona maisha, ile raha ya zamani, watu na majirani zao. Hizi zinamletea maswali."

"Kazi ndogo hiyo, shemeji," Dili alidakia. "X ni herufi moja, tena kwenye Kiswahili wala haina kazi."

Mama Pasi aliitazama X ya mlango wake. Alimkumbuka aliyeichora, kijana mwenye kopo, jasho linamtoka, aliyemwomba maji ya kunywa. Alimpa. Akanywa, akashukuru, akachora. Rangi ilichuruzika hadi kizingitini, na baada ya kijana kuondoka Mama Pasi aliisugua kwa mchanga na haikutoka. Sasa aliinama, akaona kwamba Fundi ameuchora hata mchuruziko ule, pamoja na ule weupe wa mahali aliposugua. Kumbe Fundi alikuwa anamwona.

"Ukizitoa," alisema, "itaonekana tulihama wenyewe."

Meneja alimjibu kwa upole, upole ule ule wa mwenye nyumba. Alisema mama, hakuna atakayejua. Mama Pasi akamwambia kwamba hilo ndilo analolisema. Akamuuliza jambo moja tu: hawa watu, Msusi, Mzee Redio na wengine, siku wakitaka kuja kujiona, mlinzi atawafungulia geti? Meneja aliangalia viatu vyake. Alisema taratibu za jengo ziko wazi.

Mama Pasi akamgeukia mumewe. "Mkataba unasema chumba hiki kiwe na rangi gani?"

"Maziwa," Fundi alisema. "Ipakwe mikono miwili."

"Rola nyingine iko wapi?"

Fundi alimtazama kwa muda. Kisha akainama, akatoa rola kwenye gunia, akaikung'uta, akampa.

"Dada," Dili alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "leo tutalala wapi?"

"Hilo nalo ni swali," Mama Pasi alisema, na akachovya.

Meneja alisema anaweza kusimamisha kazi. Fundi akamjibu, bila kiburi, kwamba makabidhiano ni kesho na mwenye jengo atakuja mwenyewe na mkataba wake mkononi. Hapo palikuwa pagumu, maana hakuna sheria ya kumfukuza mtu kwa kufanya kazi aliyoagizwa. Meneja aliinua simu apige picha, akaishikilia hewani, halafu akairudisha mfukoni. Pengine mwenyewe hakujua kwa nini. Alivaa kofia yake akashuka, na Dili akamfuata nyuma, akijaribu kuokoa kitakachookoka.

Mama Pasi alitaka kuanza na mlango wake. Fundi akamshika kiwiko, akamwambia aanzie juu, akianzia chini itachuruzika. Wakaanza na anga. Wakashuka kwenye kamba za nguo, kwenye paa, kwenye shuka la maua. Rola ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ilitoa sauti ya kubanduka kila ilipopita. Msusi akaingia ndani ya maziwa na kitana chake mdomoni. Mapacha wakaingia, bado wanagombana. Mkono wa kwanza wa rangi haukuwafunika vizuri; walibaki wanaonekana kama unavyowaona watu jikoni penye mvuke. Wakangoja ukauke, wamekaa juu ya ndoo, wanawatazama. Mama Pasi alilia, na hakujificha. Hakuwahi kuumiliki utajiri, lakini alijua sasa mtu anavyojisikia anapouweka mahali salama na kutupa ufunguo. Mkono wa pili ulipokuja, Fundi alimwachia mwanamke wa mezani amfunike mwenyewe.

Ukuta ukawa ukuta.

Wakati wa kushuka ngazi Mama Pasi alimwomba mumewe amwambie nani yuko wapi. Fundi akaanza kwa aibu, kidole kinaonyesha milango ya nailoni. Hapa Msusi, peke yake, anahesabu shanga. Mama Pasi akasimama mlangoni, akatazama ndani, ukuta safi wa rangi ya maziwa. "Hodi," akasema. "Habari za tangu siku zile, shoga." Fundi alicheka. Ghorofa ya chini yake ilikuwa ya Mzee Redio, na Mama Pasi akampa shikamoo kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa mabovu. Fundi hakucheka tena. Mlango kwa mlango wakashuka hivyo, yeye akitaja, mkewe akisalimia, na lile jengo lililokuwa na harufu ya kutokaliwa Mama Pasi alilisikia limejaa hadi ngazini. Alishika ukuta kwa kiganja kila alipopita, taratibu, asimwamshe mtu.

Nyumba ya chini kabisa, ya kwanza kupakwa, ilikuwa ya Bibi Kigoda. Bibi huyo alikuwa na kigoda chake mlangoni pa uwanja, na hakuna aliyewahi kuingia wala kutoka bila kumwamkia. Ukimpita kimya alikuita, akauliza umelelewa na nani. Baada ya mashine alichukuliwa na mpwa wake, kwenye nyumba nzuri ambako watu walitoka alfajiri na kurudi usiku. Hakumaliza mwezi.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani dalali alikuwa anawaonyesha chumba mume na mke vijana, mke mjamzito, mkono ameuweka kiunoni. Wote walikuwa wameupa mgongo ukuta mkubwa. Dalali aliugonga kwa vifundo vya vidole ili wasikie ulivyo imara.

"Ni mpya kabisa," alikuwa anasema. "Hapajawahi kukaa mtu."

Fundi alimvuta mkewe mkono, wapite. Jua lilikuwa linashuka, na nyumbani mwenye nyumba alikuwa ameshafika, amekaa juu ya ndoo yake, na mikono yao ilikuwa mitupu. Mama Pasi alikuwa na rangi usoni, kwenye nywele, hadi kwenye kope. Hakuvutika. Alisimama kizingitini, akavua ndala, akakunja magoti kidogo kama inavyopasa mbele ya mkubwa.

"Hodi," alisema. "Shikamoo, Bibi."

Akangoja kidogo, kiasi cha mtu kuitikia. Kisha akavaa ndala zake, akaondoka na mumewe kuelekea getini.

Dalali alicheka, akasema huyo ni wa usafi, wana mambo yao. Yule mwanamke kijana hakucheka. Aligeuka akautazama ukuta toka juu hadi chini, rangi ya maziwa isiyo na doa, halafu akasogea pembeni, asiwe amesimama mbele yake. Akauliza ni nani aliyekuwa anakaa hapa zamani.

Dalali akasema twendeni mkaone jiko.